Sura ya Sita: Maji Yaliyosimama

Ukikanyaga tope la jaruba lililokaa na maji wiki tatu, mapovu hupanda kando ya kifundo cha mguu: moja, mawili, kisha kundi zima, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Utotoni tuliamini ni kambale anahema huko chini. Tulimchimba kwa mikono, tukaambulia tope jeusi lenye harufu ya yai viza. Mtu mzima akitukuta tulifukuzwa, na kosa letu lilikuwa miche tuliyoilaza. Mapovu hakuna aliyeyajali.

Novemba 1776, kwenye matete ya Ziwa Maggiore kaskazini mwa Italia, Alessandro Volta alikuwa akicheza mchezo huohuo, ila yeye alikuja na chupa. Alivuruga tope kwa fimbo, akakinga chupa iliyojaa maji kichwa chini juu ya mapovu, gesi ikapanda na kuyasukuma maji nje. Alipoisogezea moto, ikawaka. Miaka zaidi ya ishirini baadaye mtu huyuhuyu alitengeneza betri ya kwanza, na jina lake likabaki kwenye volti tunazosoma juu ya kila balbu. Gesi aliyoikamata siku ile leo tunaiita methani. Ndiyo inayowaka kwenye jiko la biogesi, na ndiyo karibu yote iliyomo katika gesi asilia ya Songo Songo inayozungusha mitambo ya umeme Dar es Salaam. Ikitoka kisimani inapimwa kwa mita na kulipiwa. Ikitoka jarubani inapaa bure, na hasara yake tunagawana wote.

Sura iliyopita tulikaa zizini, tukamsikiliza ng'ombe akicheua. Sasa tunateremka bondeni. Mfumo mzima wa chakula, tangu msitu unapofyekwa hadi makombo yanapofika jalalani, hutoa karibu theluthi moja ya gesijoto zote zinazosababishwa na binadamu. Katika methani ya kilimo ng'ombe ndiye anayeongoza kwa mbali. Mpunga una kama asilimia 8 tu ya methani yote inayotokana na shughuli zetu, na sehemu kubwa ya hiyo inatoka Asia, China na India zikiwa mbele. Sikuuchagua kwa ukubwa wake. Nimeuchagua kwa sababu dawa yake imejulikana kwa miongo kadhaa, haihitaji kiwanda wala dawa ya duka, na inaelezeka kwa sentensi moja: yatoe maji shambani kwa siku chache, kisha yarudishe. Jambo jepesi namna hiyo, kwa nini halifanyiki kila mahali?

Tuanzie chini ya maji. Udongo mkavu una pumzi. Katikati ya chembe zake kuna hewa, na vijidudu vinavyoozesha mizizi na mabua ya msimu uliopita huvuta oksijeni humo kama tunavyovuta sisi. Mkulima akifungulia maji, matundu yale yanajaa, na oksijeni iliyobaki huisha kwa siku moja au mbili. Vijidudu havilali njaa. Vinageukia naitreti, kisha manganizi, kisha chuma, na hapo tope jekundu hugeuka kijivu cha risasi. Kikiisha chuma vinaingia kwenye salfeti, ndipo yai viza linaponuka. Kila hatua ina shibe ndogo kuliko iliyotangulia, kama nyumba iliyomaliza unga ikaingia kwenye mihogo, mihogo ikaisha, watu wakaenda porini kuchimba ming'oko. Baada ya wiki moja au mbili zamu inaufikia ukoo wa mwisho. Hawa si bakteria. Wanasayansi huwaita akea, na ni miongoni mwa viumbe wa kale kabisa, waliokuwapo tangu enzi ambayo anga la dunia halikuwa na oksijeni. Kwao oksijeni ni sumu. Wanachohitaji ni giza, mabaki yanayooza na maji yasiyotikisika, na jaruba la mpunga linawapa vyote.

Mpunga wenyewe ndio dohani yao. Ndani ya shina mna mirija inayoshusha hewa hadi mizizini ili mizizi isioze topeni, na mrija unaoshusha hewa haukatai kupandisha gesi. Katika vipimo vingi hadi asilimia 90 ya methani hupita njia hiyo, kimya kabisa, ikitokea kwenye majani tunayoyasifu kwa ukijani wake. Mapovu ya utotoni kumbe yalikuwa chenji tu.

Hesabu yake si kubwa kwa kuitazama. Jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, liliweka mwaka 2019 kiwango cha msingi kwa nchi zisizo na vipimo vyake zenyewe: kilo 1.19 za methani kwa hekta kwa siku, ikiwa maji yamesimama mfululizo. Mpunga ukikaa majini siku 110, hiyo ni kama kilo 130. Lakini kilo moja ya methani hupasha joto dunia mara 28 hivi kuliko kilo ya hewa ukaa ukihesabu kwa miaka 100, na kama mara 80 ukihesabu kwa miaka 20. Kwa hesabu ile ya miaka 100, hekta moja kwa msimu mmoja ni sawa na tani tatu na nusu hivi za hewa ukaa. Bodaboda anayeunguza lita nne za petroli kila siku atahitaji zaidi ya mwaka kuifikia.

Methani ina jambo moja la kheri: haidumu. Hewa ukaa ya leo wataikuta vitukuu, ila methani hukaa angani kama miaka 12 ikavunjika. Anayeipunguza leo anaweza kuona matokeo akiwa hai. Ndiyo sababu wataalamu wanaoangalia miaka ishirini ijayo huhangaika nayo kuliko ukubwa wake ungedai.

Sasa, kwa nini tunaufurisha mpunga? Wengi hudhani ni mmea wa majini. Mpunga si yungiyungi. Unavumilia maji, na uvumilivu huo ndio ulioufanya utumwe kazi ambayo mahindi hayawezi: kusimama mahali ambapo magugu yanazama. Maji ya sentimita kumi ni mpalizi asiyedai ujira. Ukiyatoa, ndago na mpunga mwitu huchomoza ndani ya wiki, na mtu lazima ainame.

Wajapani wamekuwa wakikausha majaruba katikati ya msimu tangu zamani. Desturi hiyo huiita nakaboshi. Mpunga ukishachipua vya kutosha, wanafungua kingo kwa siku kadhaa mpaka udongo unapasuka, ili mche uache kutoa machipukizi yasiyozaa na mizizi ishike chini. Nchini China desturi ya namna hiyo ilienea kwa kasi kuanzia miaka ya 1980. Maji yalikuwa yanapungua, mavuno yalitakiwa kupanda, na wakulima wakaona kukausha kunasaidia yote mawili. Watafiti walipokokotoa baadaye, wakakuta methani ya majaruba ya China ilikuwa imeshuka sana kufikia mwaka 2000. Hakuna mkulima aliyekuwa ameombwa apunguze methani. Huo ndio upunguzaji mkubwa kuliko wote ninaoufahamu katika mpunga, na uliingia kwa mlango wa nyuma.

Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, iliyoko Los Baños nchini Ufilipino, ikaitafutia desturi hiyo kipimo ambacho mkulima yeyote angeweza kukitengeneza. Ni kipande cha bomba la plastiki au mwanzi, urefu wa sentimita 30, kilichotobolewa matundu nusu ya chini. Kinafukiwa jarubani, tope la ndani linatolewa, maji yanaingia kupitia matundu. Ukichungulia unaona maji yamefika wapi chini ya udongo, hata kama juu pamekauka. Kanuni yake: wiki mbili za kwanza baada ya kupandikiza, acha maji yasimame ili magugu yasitangulie. Baada ya hapo subiri yashuke hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo, ndipo ufungulie tena. Mpunga ukianza kutoa maua, usiuonjeshe kiu. Fuata hivyo, mavuno hayapungui na maji unayotumia yanaweza kupungua hadi kwa asilimia 30. Ukipitiliza ukaacha udongo ukauke kabisa, utavuna kilio.

Na methani? Mwongozo wa IPCC wa mwaka 2006 ulisema shamba linalokaushwa mara kadhaa kwa msimu hutoa asilimia 52 ya lile lisilokaushwa, na linalokaushwa mara moja hutoa asilimia 60. Mwaka 2019 namba zikarekebishwa kuwa 55 na 71. Yaani kukausha mara kadhaa bado kunakata karibu nusu, lakini kukausha mara moja tu kunasaidia kidogo kuliko tulivyoambiwa mwanzo. Napenda sayansi inayorudi kujisahihisha hadharani, hata kama inawapa shida wanaotaka namba moja ya kubandika ukutani.

Kuna njia nyingine iliyofika bondeni kutokea Madagaska. Henri de Laulanié alikuwa padri Mjesuiti wa Kifaransa aliyesomea kilimo na kufika kisiwani mwaka 1961. Alitumia miaka mingi kutazama wakulima wanavyolima kabla ya kuwafundisha chochote, jambo ambalo si mazoea ya wataalamu wa kigeni. Mwaka 1983, shuleni alikofundisha Antsirabe, mvua ilisumbua. Miche ikaja kupandikizwa ikiwa na siku 15 tu, nusu ya umri uliozoeleka, mmojammoja badala ya kichopa. Walidhani imeharibika. Ikachipua kuliko miche yote waliyowahi kuiona. Kutokana na bahati hiyo padri akaunganisha kanuni zake: mche mchanga, mmoja kwa shimo, nafasi pana ya sentimita 25 kwa 25, samadi au mboji, palizi ya mashine ndogo ya kusukuma inayopindua udongo, na maji ya kulowesha bila kusimama. Alifariki mwaka 1995, kabla njia hiyo haijavuka bahari kwa wingi.

Tanzania tuliipa jina linalofaa kabisa: kilimo shadidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine waliijaribu Mkindo, wilayani Mvomero. Nchini Kenya iliingia Mwea mwaka 2009, katika skimu ambayo mifereji yake ya mwanzo ilichimbwa na wafungwa wa Mau Mau katika miaka ya 1950 na ambayo leo inalisha Nairobi mchele wa pishori. Mkulima aliyezoea kumwaga mbegu kwa debe akaonyeshwa kitalu cha kilo chache tu kikitosha shamba zima. Wapo waliodhani ni mzaha. Nawaelewa: ukisimama kwenye kingo siku ya kupandikiza, kilimo shadidi kinafanana na shamba lililoliwa na panya.

Si kila mtu alishawishika, na si wakulima peke yao. Mwaka 2004 wanasayansi wawili wa Marekani waliandika kwamba mavuno makubwa yaliyodaiwa Madagaska ni sawa na habari za visahani vinavyoruka: wanaoviona ni wengi, kipimo hakuna. Ubishi huo haujaisha. Mimi naona pande zote zimekuwa zikigombania gunia wakati jambo la hakika liko kwenye maji. Iwe mavuno yameongezeka mara mbili au yamebaki palepale, udongo uliopumua hautoi methani kama udongo uliozama, na mbegu iliyobaki ghalani ni chakula.

Basi turudi kwenye swali. Bomba lenye matundu linagharimu kidogo kuliko kilo ya nyama. Kilimo shadidi kinafundishwa kwa siku chache. Bado, ukipita kwenye skimu nyingi za Afrika Mashariki katikati ya msimu, utakuta majaruba yamejaa mpaka kingo zinatoka jasho. Maofisa huliita jambo hili ukosefu wa elimu, na dawa ya ukosefu wa elimu ni semina. Nina shaka na jibu hilo. Tazama kilichotokea chini ya Mlima Kilimanjaro.

Skimu ya Moshi Chini ilikamilika mwaka 1987 kwa mkopo wa Japani: mabanio kwenye mito ya Njoro na Rau, mifereji ya saruji, majaruba yaliyosawazishwa kwa ufundi, na mpango wa hekta 1,100 za mpunga. Mavuno yalipanda kwa namna ambayo mabonde mengine yalikuwa hayajaiona. Waliokuwa wa kwanza kuona ni majirani wa juu ya banio. Nao walikuwa na ardhi, walikuwa na mto uleule, na waliupata kabla haujafika kwenye saruji ya Wajapani. Wakalima mpunga. Mpunga wao ukanywa mto, na skimu iliyojengwa kwa fedha nyingi ikaanza kulima sehemu tu ya eneo lake kwa zamu, kwa sababu maji yaliyochorwa kwenye ramani hayakufika kwenye mlango wa chini. Mradi ulishindwa kwa kufaulu.

Jiweke basi mahali pa mtu mwenye jaruba mwisho wa mfereji. Zamu yake ni usiku wa Alhamisi. Alhamisi iliyopita maji yalifika saa nane za usiku, wembamba wa kamba ya kiatu, kwa kuwa kuna mtu wa juu aliyesahau kufunga lango lake. Leo yamekuja mengi. Anakuja bwana shamba anamwambia: yaache yashuke sentimita 15 chini ya udongo, kisha ufungulie tena. Afungulie nini? Maji yaliyosimama jarubani ndiyo akiba yake, ndiyo benki, ndiyo bima ya mkopo wa mbolea. Anayekausha shamba kwa hiari ni yule anayejua maji yatarudi siku aliyoambiwa. Mwingine yeyote atayazuia kwa kingo na kwa mwili wake, na mimi ningefanya vilevile. Bomba la IRRI linapima kina cha maji. Kinachoamua methani ni imani ya mtu kwa mfereji, nayo haina bomba la kuipimia.

Imani hiyo haikuwa ngeni Kilimanjaro. Mifongo ya Wachagga imeteremsha maji mlimani kwa karne kadhaa, bila saruji, na kila mfongo ulikuwa na wenyewe, siku za zamu, na faini kwa anayeiba. Upareni walikuwa na ndiva, bwawa dogo linalojazwa usiku ili mchana maji yatoke kwa nguvu na kwa mpangilio. Ndiva ni dawa bora ya methani kuliko semina kumi, ingawa waliozichimba hawakuwaza mpunga wala anga. Anayejua kuna maji yamelala bwawani juu yake haoni sababu ya kuyalaza shambani mwake.

Mazungumzo ya aina hii yanafika haraka kwenye fedha: tumlipe mkulima kwa methani asiyoitoa. Nimefanya hesabu. Kwa viwango vile vya IPCC, hekta ikikaushwa mara kadhaa inaokoa kama kilo 60 za methani kwa msimu, sawa na tani moja na nusu hivi ya hewa ukaa, labda na kidogo zaidi. Mkulima wetu ana ekari moja, kwa hiyo ni chini ya robo tatu ya tani. Tuseme tani inauzwa dola 10. Hiyo ni dola sita au saba kwa msimu, na bado hujamlipa anayepima, anayekagua, anayesajili na dalali. Kitakachomfikia mwenye tope miguuni hakinunui jozi ya gambuti. Hata penye mashamba mengi zaidi hesabu hizi zimeonyesha ulegevu: Agosti 2024 shirika la Verra la Marekani, linalosajili miradi ya namna hii, lilikataa miradi 37 ya mpunga ya China baada ya kuikagua upya. Sisemi fedha ya kaboni haina kazi. Ikikusanywa ikachimba ndiva au ikatengeneza milango ya mfereji inayofungwa na funguo, itapunguza methani kuliko ikigawiwa kwa simu, sita sita.

Halafu kuna suala la nani anainama. Maji yakitolewa magugu yanakuja, na katika mabonde mengi palizi na kupandikiza ni kazi ya wanawake. Kilimo shadidi kinataka mche mchanga ushikwe kama yai, uchomekwe mmojammoja kwa kamba, na palizi ianze siku kumi baadaye na kurudiwa. Ile mashine ya kusukuma hupunguza kuinama, na mahali ilipofika imeonekana mara nyingine mwanamume ameichukua kazi hiyo, labda kwa kuwa sasa ina chuma. Mahali isipofika, kukausha jaruba ni kuhamisha mzigo kutoka angani hadi kwenye mgongo wa mtu. Atakayeandika ripoti aandike na hilo.

Wapo wanaouliza kuhusu mbolea, na wana haki. Udongo unaolowa na kukauka huku una urea nyingi unaweza kutoa naitrasi oksaidi, gesi yenye nguvu kama mara 270 ya hewa ukaa. Mara nyingi ongezeko hilo halifuti faida ya methani, lakini linaweza kuila. Kinga yake ni kuacha kumwaga urea juu ya maji kwa mkono kama anayelisha kuku: igawe kwa awamu, ifukie topeni karibu na mzizi. Mabua nayo yana siri ndogo yenye faida kubwa. Ukiyafukia mabichi wiki moja kabla ya kufungulia maji, umewapikia akea karamu. Ukiyafukia zaidi ya mwezi mmoja kabla, udongo ungali mkavu, huoza kwa hewa, na methani yatakayoleta baadaye haifiki theluthi ya ile ya kwanza. Kuyachoma, kama inavyofanyika sana, ni kuikimbia methani kwa kuingia kwenye moshi.

Yote niliyosema hadi hapa yanamhusu mwenye mfereji. Sehemu kubwa ya mpunga wa Tanzania haina mfereji. Supa wa Kyela, Shingo ya Mwali na Kula na Bwana wa mabondeni husubiri mvua na mafuriko, na mkulima hana lango la kufunga wala kufungua. Kumpa bomba lenye matundu ni kumpa saa mtu asiye na miadi. Kwake methani inapungua kwa njia nyingine, ya mzunguko: avune magunia mengi zaidi kwenye ekari ileile ili asilazimike kufyeka nyingine. Tumeongeza mpunga kwa kupanua mashamba zaidi kuliko kuyaboresha, na mahali pa kupanulia ni ardhi oevu. Bonde la Kilombero liliorodheshwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhi za namna hiyo. Orodha haijui kuamia ndege wala kulima, na majaruba yameendelea kusogea.

Usangu inatufundisha tahadhari ya mwisho. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, mto unaopita kwenye hifadhi na kuingia bwawa la Mtera, umekuwa ukikauka sehemu fulani wakati wa kiangazi. Juu yake, huko Usangu, kuna eneo la Mbarali, lenye mashamba makubwa ya mpunga, moja lilijengwa na Wachina katika miaka ya 1970, na wakulima wadogo wengi mno. Mtu akisikia kwamba kukausha majaruba kunaokoa asilimia 30 ya maji, atadhani mto utaipata asilimia hiyo. Haiendi hivyo yenyewe. Maji yaliyookolewa kwenye ekari moja yanamfikia jirani asiyekuwa na maji, naye anafungua ekari mpya. Kila ekari inatoa methani kidogo, ekari zimekuwa nyingi, mto uko vilevile. Ni nani ana haki ya maji yaliyobaki? Swali hilo haliulizwi na kemia ya udongo. Linaulizwa kwenye kikao cha watumia maji, chini ya mwembe, ambako wa juu hukaa mbele na wa chini huchelewa kufika kwa sababu wametoka mbali.

Kuna picha ninayoibeba kutoka kwenye skimu moja nisiyoitaja. Bomba lenye matundu limesimama pembeni mwa jaruba, jeupe, limeandikwa sentimita kwa kalamu ya wino mzito. Maji yameshuka hadi 11, au 12. Mwenye shamba ameinama akachungulia, akainuka, akageuka kuutazama mfereji kule juu unakotoka, ambako kulikuwa na mtu mwenye jembe, mbali mno kumtambua kama anafungua au anaziba.